Nimekubaliwa shule ya majira ya joto ya mifumo ya programu: viza na maandalizi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nasoma shahada ya kwanza ya kompyuta hapa Uingereza, na pasipoti yangu bado ni ya nyumbani. Nimekubaliwa kwenye shule ya wiki moja ya utafiti wa mifumo ya programu, Saarbrücken, Ujerumani, mwezi Agosti. Malazi wanalipa wao. Naomba msaada kwa mawili: viza naombea wapi, na nijiandae vipi? Wengi watakaokuja ni wa shahada ya uzamili, na darasani kwetu makala za utafiti hatujaanza kuzisoma.

---

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana.

Tuanze na viza, maana ndiyo inayokwamisha watu. Unaombea hukohuko Uingereza unakoishi, kwa upande wa Ujerumani, kwa kuwa ndiko unakokwenda. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Kinachosumbua hasa ni miadi, kiangazi hujaa mapema sana, kwa hiyo tafuta yako leo hata kama karatasi hazijatimia. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakiwe na angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo), na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari ifikie euro 30,000.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: mwanafunzi anayesafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo hatozwi ada ya viza ya Schengen. Waombe waandaaji barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuanza na kumaliza, maelezo kwamba ni mafunzo, na nani analipia malazi. Wakala anayepokea karatasi anaweza kudai malipo yake ya huduma. Hayo ni mbali na ada.

Sasa maandalizi, na hapa nisikilize vizuri. Usikimbizane na kila makala. Chukua moja, uijue mpaka uweze kuieleza ubaoni bila kuishika. Mimi ningekupa ya Raft, ya Diego Ongaro na John Ousterhout, iliyotoka 2014. Iko bure kwenye tovuti ya USENIX, chama cha watafiti wa mifumo ya kompyuta. Swali lake ni hili: seva kadhaa zitakubalianaje juu ya mpangilio mmoja wa amri, ilhali yoyote kati yake inaweza kuzimika wakati wowote? Ukiwa na seva 5, hata 2 zikizimika, 3 zilizobaki bado ni zaidi ya nusu na kazi inaendelea. Seva moja huwa kiongozi, nayo huzitumia nyingine ishara kila mara kwamba ipo. Ishara zikikatika, seva iliyomaliza muda wake wa kusubiri hugombea uongozi.

Tazama hapo. Zote zikimaliza kusubiri kwa pamoja, kila moja itajipigia kura na hakuna itakayopata kura za zaidi ya nusu. Ndiyo maana kila seva hujipangia muda wa kubahatisha. Waandishi walipendekeza kati ya milisekunde 150 na 300. Kwa nini si milisekunde 1? Kwa nini si sekunde 10? Andika programu ndogo, zima kiongozi kwa makusudi, upime inachukua muda gani kumpata mwingine, kisha linganisha na grafu zao. Utafika Saarbrücken na swali lako mwenyewe, na swali la namna hiyo ndilo linalomfanya mtafiti aache chai yake akae nawe. Hao wa uzamili wasikutishe, wengi hawatakuwa wamepima chochote.

Na watafiti hao uwatafute mapumzikoni, usiishie kusikiliza mihadhara. Taasisi ya Max Planck ya Mifumo ya Programu iko hapohapo Saarbrücken, na tawi lingine Kaiserslautern. Lugha ya kazi ni Kiingereza, na huchukua wanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Mwandikie uliyezungumza naye wiki hiyohiyo, umkumbushe swali lako na umwambatishie vipimo vyako.

---

Dada kamaliza, naongezea kidogo kwa walio Marekani. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, apate sahihi ya safari kwenye fomu ya I-20 anayopewa na chuo kabla ya kuondoka, na aangalie kama viza yake ya Marekani bado haijaisha, la sivyo kurudi kutakuwa shida. Walio na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen hawahitaji viza nyingine, mradi wasizidishe siku 90 ndani ya 180. Wabebe kibali na pasipoti vyote viwili.

Mdogo wangu, ukishapata miadi tuandikie hapa. Nina rafiki Saarbrücken atakayekupokea stesheni.