Monita ya maandishi safi: inchi 27 ya 1440p, inchi 27 ya 4K au inchi 32 ya 4K?

mhariri_wa_usiku
Wakuu habari zenu, naomba mawazo kabla sijatoa hela. Natumia kompyuta ya mezani yenye Windows, kazi yangu kubwa ni maandishi, nahariri nyaraka ndefu, nashinda kwenye Excel yenye mistari kibao, jioni video kidogo, gemu sichezi kabisa. Monita niliyonayo ni inchi 27 ya 1080p na herufi zake zinanichosha macho, ukiiangalia "a" au "e" unaona ngazi ngazi pembeni, na zile herufi ndogo za kwenye Excel ndo usiseme. Nimebakiza chaguo tatu: inchi 27 ya 1440p, inchi 27 ya 4K, na inchi 32 ya 4K. Nakaa kama sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Kadi ya grafiki ya pembeni sina, natumia ile iliyomo ndani ya prosesa. Ninachotaka ni kimoja tu, maandishi yawe safi. Nichukue ipi?

PikseliKwanza
Mkuu usianze na 4K wala 1440p, hizo ni idadi tu ya pikseli, vile vidoa vinavyojenga picha (1080p ni 1920 kwa 1080, 1440p ni 2560 kwa 1440, 4K ni 3840 kwa 2160), anza na pikseli ngapi zinaingia kwenye inchi moja, maana hiyo ndo inayoamua herufi itachorwaje. Hiyo yako ya sasa ina pikseli 82 hivi kwa inchi, hapo lazima uone ngazi. Inchi 27 ya 1440p inakupa 109, inchi 32 ya 4K inakupa 138, inchi 27 ya 4K inafika 163. Na ukiona inchi 32 ya 1440p inasifiwa kwamba ni kali kuliko 1080p uwe makini sana, hiyo ina 92 kwa inchi, sawasawa kabisa na inchi 24 ya 1080p, imekuwa kubwa tu.

Sasa weka na macho yako. Mtu anayeona vizuri kwa kipimo cha kawaida cha daktari wa macho anaweza kutofautisha vitu vilivyoachana dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa sentimita 60 hiyo ni kama milimita 0.17. Pikseli moja ya inchi 27 ya 1440p ina upana wa milimita 0.23, kwa hiyo jicho bado linaiona. Ya inchi 32 ya 4K ni 0.18, karibu kabisa na mpaka. Ya inchi 27 ya 4K ni 0.155, imeshapita mpaka. Kwa umbali wako na kazi yako mi sioni cha kujadili, inchi 27 ya 4K.

mama_mahesabu
Kaka PikseliKwanza hesabu zako ziko sawa ila mi naomba nisimame upande wa 1440p, kwa sababu nashinda kwenye mahesabu kutwa na ndiyo ninayoitumia. Uzuri wake ule ukuzaji wa maandishi na vitufe kwenye setingi za Windows unauweka kwenye asilimia 100, hukuzi kitu, kila programu hata ya zamani inatokea safi bila kubembelezwa. Na mhariri ajue hili, inchi 27 ya 4K ukiiacha kwenye asilimia 100 maandishi yanakuwa madogo mno huwezi kufanyia kazi, itabidi ukuze hadi 150, na ukishakuza 150 nafasi unayobaki nayo ni ileile ya 2560 kwa 1440. Yaani mistari ya Excel utakayoiona kwa mara moja ni ileile, hujaongeza hata mmoja. Anayetoka kwenye 1080p akienda 1440p anapata theluthi moja zaidi ya urefu wa ukurasa hapohapo, na kompyuta yake haitolewi jasho. Pikseli ni milioni 3.7 dhidi ya milioni 8.3 za 4K, zaidi ya mara mbili, na yeye hana kadi.

PikseliKwanza
Dada mama_mahesabu kwenye nafasi uko sahihi kabisa na watu wengi hawaambiwi hilo. Ila yeye hajauliza nafasi, ameuliza usafi. Kwenye 150 herufi inabaki na ukubwa uleule wa kwenye 1440p lakini inachorwa kwa pikseli mara mbili na robo zaidi, mkunjo wa "s" unakuwa mkunjo kweli, na kile kimstari chembamba cha "t" kinakuwa na unene wake halisi badala ya kulazimishwa kuwa pikseli moja au mbili. Kwenye fonti zenye vikia kama za vitabu ndo tofauti inaonekana zaidi, na mhariri wa nyaraka anaziona hizo siku nzima. Halafu kwa Excel na Word, hiyo grafiki ya ndani ya prosesa kama sio ya zamani sana haihangaiki na 4K, ni gemu ndo zingemshinda.

fundi_kebo
Mnabishana kuhusu kioo lakini hakuna aliyemuuliza ana matundu gani nyuma ya kompyuta, na hapo ndo watu wengi wanapokwama. HDMI 1.4 inapeleka 4K kwa Hz 30 tu, yaani picha inabadilishwa mara 30 kwa sekunde, na Hz 30 kwa kazi ya mezani ni mateso, mshale wa mausi unaruka ruka, ukisogeza ukurasa maandishi yanakatika katika, mtu anaona monita mbovu kumbe ni tundu. Ili upate 4K kwa Hz 60 unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort (DP) 1.2 kwenda juu, na kompyuta nyingi za mezani za miaka ya nyuma kidogo zinazotegemea grafiki ya prosesa zina HDMI 1.4 lakini DisplayPort yake inatosha, kwa hiyo ukiwa na tundu la DP tumia hilo usijiulize mara mbili. VGA, lile tundu la zamani, isahau kabisa, ile inapeleka picha kama mawimbi na monita inaanza kubahatisha pikseli inaanzia wapi, maandishi yanakuwa na ukungu hata kwenye 1080p.

Kingine, kebo ikiwa haina uwezo au imetengenezwa hovyo utaona kioo kinazima na kuwaka sekunde moja moja, au mfumo unapunguza taarifa za rangi ili picha ipite. Hiyo ya kupunguza rangi ni mbaya kwa wewe mhariri kwa sababu kwenye video huigundui, ila maandishi mekundu juu ya rangi nyingine, kama yale ya kusahihisha nyaraka, yanakuwa yamechafuka kingo. Ndo maana nawaambia watu wanaotaka kutumia televisheni ya 4K kama monita watafute kwanza setingi ya kuiweka kwenye hali ya kompyuta, bila hivyo herufi hazitulii.

Angalia nyuma utuambie.

mchora_nembo
Mi nachora na kupanga kurasa, niongezee upande wa paneli maana mmeiruka. Kuna aina tatu za vioo utakazokutana nazo, IPS na VA ambazo ni LCD, na OLED. Kwa maandishi chukua IPS. VA ina weusi mzuri, tofauti ya mweupe na mweusi mara nyingi ni 3000 kwa 1 wakati IPS ya kawaida ni kama 1000 kwa 1, ila VA ukikaa karibu pembe zinapoteza rangi, na ukisogeza ukurasa wenye maandishi meupe juu ya giza baadhi yake zinaacha kivuli nyuma. OLED ni tamu sana kwa filamu, lakini kwa mtu wa Excel siishauri. Kwanza kuna kuungua, yaani picha kubaki kama alama ya kudumu kwenye kioo, ile mistari ya menyu inayokaa palepale saa nyingi kila siku ndo adui yake. Pili mpangilio wa vijidoa vyake. Kila pikseli ya LCD ya kawaida ina vijidoa vitatu vilivyopangwa mstari, nyekundu, kijani, bluu, na Windows kupitia ClearType inachora herufi ikitegemea mpangilio huo. OLED nyingi za monita zimepangwa vingine, kuna zilizoongeza kijidoa cheupe na kuna zilizopangwa pembetatu, matokeo yake kingo za herufi zinapata rangi ya waridi au kijani. Kwenye 163 kwa inchi inapungua sana, kwenye 109 unaiona.

Ungekuwa unatumia Mac ningekujibu tofauti. macOS iliacha ule ulainishaji wa herufi kwa vijidoa tangu toleo la Mojave mwaka 2018, kwa hiyo 109 kule inaonekana imefifia kuliko kwenye Windows, na 4K ya inchi 27 ukitaka nafasi ya 1440p inachora kwanza picha ya 5120 kwa 2880 halafu inaibana iingie kwenye 3840. Ndo sababu watu wa Mac wanakimbilia 5K ya inchi 27 yenye 218 kwa inchi, pale inakuwa mara mbili kamili, hakuna kubana. Windows kwenye 150 programu ya kisasa inachora herufi moja kwa moja kwa ukubwa huo, kwa hiyo 4K inakutosha.

mezandefu
Naona inchi 32 imekosa wa kuitetea. Ninayo ya 4K, na hizo hesabu za PikseliKwanza zinabadilika ukisogea nyuma. Kwa sentimita 75 jicho linaishia kwenye milimita 0.22 hivi, na pikseli ya inchi 32 ni 0.18, imeshapita mpaka kwa raha. Halafu unaikuza asilimia 125 tu, unapata nafasi ya 3072 kwa 1728, hapo mama_mahesabu mistari ya Excel inaongezeka kweli na nyaraka mbili zinakaa ubavu kwa ubavu bila kubanana. Kwa mhariri anayelinganisha rasimu mbili hii ni faida kubwa sana, usiipuuze.

Ila niseme ukweli, inataka meza yenye kina. Upana wake unakaribia sentimita 71, ukikaa sentimita 60 unageuza shingo kusoma kona, na pembe za juu unazitazama kwa mshazari. Kama meza yako haikuruhusu kusogea, achana nayo, au tafuta mkono wa kushikilia monita uisukume hadi ukutani.

mhariri_wa_usiku
Asanteni sana wote, nimejifunza mengi ambayo kwenye matangazo hayaandikwi. Nimeangalia nyuma, kuna HDMI moja na DisplayPort moja, na kwenye karatasi ya maelezo DP imeandikwa 1.2. Meza yangu ni fupi, inaegemea ukuta na siwezi kuisogeza, kwa hiyo inchi 32 naitoa ingawa hiyo ya rasimu mbili imenigusa mezandefu. Kilichobaki kinachonipa wasiwasi ni programu moja ya zamani ya kumbukumbu ninayoitumia kila siku, mama_mahesabu umesema za zamani zinasumbua kwenye kukuza?

mama_mahesabu
Zinasumbua baadhi. Ile ambayo haikuandikwa kwa ajili ya kukuzwa, Windows inaichora ndogo halafu inaivuta kama picha, ndo unaona ukungu kwenye dirisha hilo moja wakati mengine ni safi. Dawa ya kwanza, bonyeza kulia faili lake, ingia kwenye sifa zake, kwenye kipengele cha upatanifu kuna sehemu ya kubadilisha ukuzaji wa skrini zenye pikseli nyingi. Ukiiacha programu ijikuze yenyewe maandishi yanakuwa makali ila yanaweza kubaki madogo, ukichagua ule ulioboreshwa wa mfumo mara nyingine inakaa vizuri kabisa. Kama kuna mtu unayemjua ana 4K, ijaribu hiyo programu kwake kwanza kabla hujalipa. Ikigoma kote, na ndo unaishi humo siku nzima, hapo rudi kwenye 1440p yangu bila aibu.

PikseliKwanza
Hapo naungana na dada. Na usije ukadanganyika ukaiweka 4K kwenye rezolusheni ya 1440p ili kila kitu kiwe kikubwa, pikseli moja ya picha inatandazwa juu ya pikseli moja na nusu za kioo, haiingii sawasawa, utapata ukungu kila mahali. Iache kwenye 3840 kwa 2160 na ukuze kwa asilimia.

mhariri_wa_usiku
Nimeijaribu kwa jirani mwenye 4K kwenye 150. Mwanzo ilikuwa na ukungu kweli, nikaweka ule ulioboreshwa wa mfumo, menyu na jedwali vimekuwa safi, vitufe vya juu tu ndo vimebaki na ukungu kidogo na hivyo sivisomi. Na nikafungua waraka wangu mmoja pale, jamani, fonti ileile niliyoizoea nimeiona kama mpya. Basi ni inchi 27 ya 4K, IPS, kwa DisplayPort.

fundi_kebo
Safi sana. Ikifika fanya haya siku hiyohiyo, kabla muda wa kurudisha haujaisha. Ingia kwenye setingi za skrini za hali ya juu uhakikishe imeandikwa Hz 60 na sio 30. Kwenye menyu ya monita yenyewe tafuta ukali wa picha, wengine wanaileta imepandishwa na inaweka kimstari cheupe kuzunguka kila herufi, ishushe taratibu mpaka kimstari kiishe, usiishushe zaidi ya hapo ikaanza kufifia. Endesha ile ya kurekebisha ClearType, inakuuliza uchague maandishi unayoyaona bora, fanya ukiwa umekaa umbali wako wa kawaida. Halafu jaza kioo chote rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu, utafute pikseli iliyokufa au iliyoganda, na kwenye nyeupe tupu angalia kama ile ngozi ya kuzuia mwanga kurudi ina chengachenga, kuna zenye ngozi nzito ambazo zinapunguza usafi uleule uliolipia.

mchora_nembo
Na punguza mwanga. Nyingi zinakuja zimewashwa kama zinakaa dukani, karatasi nyeupe ukiishika pembeni ya kioo ikafanana nacho kwa weupe ndo umefika.