Naomba ushauri: Subaru Impreza WRX STI iliyotumika, ninunue au niache?

Habari zenu wakuu. Nimeipenda STI ya injini ya EJ257, lita 2.5, na moyo umeshaingia. Shida ni kwamba aliyekuwa nayo ameshafunga ekzosi kubwa na njia ya hewa ya wazi, lakini hana ushahidi wowote kwamba kompyuta ya injini ilituniwa upya, yaani programu yake ilirekebishwa ili mafuta yaendane na hewa mpya inayoingia. Hilo ndilo linaninyima usingizi, maana EJ257 inajulikana kwa kuvunja kingo za pistoni pale mchanganyiko wa hewa na mafuta unapokosa mafuta ya kutosha.

Nikiiwasha ya baridi inagonga kidogo, kisha sauti inapotea ikipata moto. Nimesoma kuwa pistoni za hizi injini hufanya hivyo bila madhara. Ila nikiachia pedali ya mafuta baada ya kuipandisha mzunguko, ekzosi inatoa moshi wa bluu, dalili ya oili kuungua. Hiyo ni sili ya tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini) au ringi za pistoni? Kupima kompresheni kutatosha, au nidai na kipimo cha uvujaji wa kila silinda?

Tairi nazo hazijalika sawa mbele na nyuma, na kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne naogopea difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Nikiichukua, sitaki nguvu kwanza. Nawaza mkanda wa taimingi, pampu ya maji, breki, kisha kutuni kwa fundi anayeaminika. Mliomiliki hizi, mngeanzia wapi? Na moshi ule ungewafanya mwondoke?