Wakuu, ni "the jury is" au "the jury are"? Naomba msaada kabla ya Jumatatu

Msomi Njiapanda (mleta uzi):
Heshima kwenu wanajamvi. Nina swali dogo la Kiingereza ila linaninyima usingizi. "The jury ___ divided in their opinions." Mngejaza "is" au "are"? Mimi nasimama na "is", maana jury (lile kundi la raia wanaoamua kesi mahakamani) ni moja, haina "s" mwishoni. Kuna mtu ananibishia kufa na kupona. Kama humu kuna mwalimu, anipe hoja moja nzito ya kumnyamazisha. Jibu fupi tu, tusifike mbali.

Shabiki Damu:
Mkuu, mimi Kiingereza changu chote nimekitoa kwenye mpira. Mtangazaji wa Uingereza anasema "Arsenal are leading" na "England are out", hasa hiyo ya pili. Mmarekani anasema "Chicago is winning", lakini akitaja Bulls, timu ya kikapu ya huko Chicago, anarudi kwenye "are". Sasa jury wanacheza ligi gani?

Bi Sarufi:
Msomi, hilo swali halina jibu la ndiyo au hapana. Maneno kama team, family, committee, government, staff na jury ni nomino za makundi. Uingereza wanakubali umoja na wingi: ukiliona kundi kama kitu kimoja unatumia "is", ukiwaona watu waliomo ndani yake unatumia "are". Marekani wanaegemea umoja. "The family is large" maana yake familia ina watu wengi. Ukisema "the family are large" msikilizaji ataanza kuwaza miili yao.

Ila sentensi yako imejisema yenyewe. Kuna "divided" na kuna "their opinions". Kundi linalotazamwa kama kitu kimoja halina maoni mengi yanayopingana. Hapo "are" ndiyo inayokaa vizuri, na hata vitabu vingi vya Kimarekani vinaruhusu wingi pale wanakundi wanapotenda kila mmoja kivyake. Jumatatu kuna nini?

Msomi Njiapanda:
Asante dada, lakini naona umeongeza maneno mengi. Kanuni ni kanuni: kitenzi kinafuata nomino. Jumatatu ni mambo ya kazini tu.

Mzee wa Chaki:
Vijana wa leo mnataka jibu fupi kwa kila kitu. Sisi tulikaririshwa: police are, people are, cattle are, news is. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwalimu wetu alikuwa akiingia darasani anasema "this class is noisy", halafu tunaitwa mbele mmoja mmoja kupokea viboko. Kwa hiyo kelele zilikuwa "is", maumivu yakawa "are". Nidhamu ya lugha huanzia kwenye nidhamu ya mtu.

Mtoro wa Vipindi:
Mzee wa Chaki, hiyo mifano ya viboko ingewekwa vitabuni nisingetoroka.

Nyundo ya Ukweli:
Mleta uzi anatuzungusha. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya "is". Huyo anayekubishia ni nani, na Jumatatu kuna nini?

Msomi Njiapanda:
Sawa. Kazini tulifanya chemsha bongo ya idara mbili, na mimi ndiye niliyetunga maswali na kusimamia. Swali hili liliangukia upande mmoja, wakasema "are", nikawakosesha. Likahamia kwa wapinzani wao, wakasema "is", wakapata alama. Mwisho wa siku tofauti ikawa alama moja. Walioshindwa wamekata rufaa, kamati inakaa Jumatatu. Nimeshawaandikia kwamba uamuzi wa msimamizi ni wa mwisho, nilichobakiza ni kuupigia msumari kwa hoja ya kisarufi.

Kalamu Nyekundu:
Ngoja kwanza. Majibu yalikuwa mawili tu. Wa kwanza akikosa, wa pili anabakiwa na lipi la kuchagua? Hiyo si alama, hiyo ni zawadi. Na walioshinda ni idara ipi?

Msomi Njiapanda:
Hilo halihusiani na sarufi.

Kalamu Nyekundu:
Ni idara ipi?

Msomi Njiapanda:
Ni idara yangu. Na nahodha wao ni mke wangu, lakini hakuniomba chochote na mimi sikumwambia chochote. Nilitenda haki. Turudi kwenye swali.

Shabiki Damu:
😂😂😂 Kumbe refa ndiye mwenye timu!

Mtoro wa Vipindi:
Basi kama jury ni wewe peke yako, "is" ni sahihi kabisa. Uzi ufungwe.

Bi Sarufi:
Tukiacha utani, Msomi, usiende kwenye kikao na hoja ya "haina s". Watakuuliza kuhusu "police" utakwama. Halafu wingi huu uko kwenye kitenzi na viwakilishi tu, nomino yenyewe haiguswi. Mwingereza anasema "this committee are meeting today", hasemi "these committee". Akitumia wingi, mara nyingi atasema "the family who are moving". Akitumia umoja, "the family which is moving". Kinachowakera wahariri ni kuchanganya: unaanza na "the team is", kabla hujafika kwenye nukta umeshahamia "their". Sentensi yako, ukiijaza "is", inafanya hivyo hivyo. Aliyetunga swali ndiye aliyeweka mtego.

Hata sisi tunalo hili. Tunasema "familia imehama", sentensi ya pili tunasema "wanaishi mbali". Sikioni halitukwaruzi.

Msomi Njiapanda:
Mimi nilitunga kwa Kiingereza cha Marekani. Huko umoja ndiyo sheria.

Kalamu Nyekundu:
Uliwatangazia washiriki kwamba ni cha Marekani? Na hiyo "sheria" wenyewe hawakuanza nayo. Katiba yao ya 1787 inaeleza uhaini dhidi ya United States kuwa ni "levying War against them". Them, wingi. Marekebisho ya 13, mwaka 1865, bado yanasema "their jurisdiction". Leo hao hao wanasema "the United States is". Nchi nzima imehama kutoka "are" kwenda "is", wewe unataka kumnyang'anya mtu alama kwa hilo?

Msomi Njiapanda:
Sawa, lakini wapinzani wameleta na malalamiko mengine. "A number of guests ___ late" na "The number of guests ___ small". Hizi nazo mnasemaje?

Nyundo ya Ukweli:
Hapo nimekukamata. Wakuu, hakuna chemsha bongo, hakuna mke, hakuna kamati. Huyu ni mwanafunzi ana zoezi la kukusanya Jumatatu asubuhi! Tazameni hayo mapengo, mtu mzima anayelalamikia alama haandiki sentensi zenye mistari ya kujaza. Tumefanyishwa zoezi lake.

Mzee wa Chaki:
Nilihisi tangu mwanzo. Kijana, fungua daftari lako usome.

Shabiki Damu:
Mzee, hukuhisi chochote, ulikuwa unatusimulia viboko.

Msomi Njiapanda:
Nyundo, mimi ni baba wa watoto wawili. Karatasi ya maswali ninayo, siiweki hapa kwa sababu ina majina ya watu.

Nyundo ya Ukweli:
Kila mwongo ana karatasi isiyowekeka.

Bi Sarufi:
Mwanafunzi au msimamizi, jibu halibadiliki. "A number of guests are", kwa maana wanaochelewa ni wageni. "The number of guests is", kwa maana kilicho kidogo ni idadi. Kama una shaka mbele ya kamati, kwepa: "members of the jury are". Hakuna atakayekugusa, Uingereza wala Marekani.

Msomi Njiapanda:
Basi nitapendekeza swali lifutwe, kila upande ubaki na alama zake nyingine. Hapo nadhani nimekuwa muungwana.

Kalamu Nyekundu:
Piga hesabu vizuri. Ukilifuta, mke wako anapoteza ile zawadi, mnakuwa sare. Ukiwapa wenzao alama yao, wanashinda kwa moja. "Uungwana" wako ndiyo njia pekee iliyobaki ya kutoshindwa.

Msomi Njiapanda:
Nimemwambia kuhusu sare, ameingia chumbani na kufunga mlango. Dada Bi Sarufi, la mwisho, nataka kulitumia kwenye barua ya kuomba udhuru: "The couple ___ not speaking to each other."

Bi Sarufi:
"Are." Pakiwa na "each other" lazima wawe wawili. Na pole.

Nyundo ya Ukweli:
Mnaona? Swali la nne hilo.