Mjadala: Mlinzi wa Umma wa Afrika Kusini naye alindwe na nani?

Mleta mada:

Ndugu wanajamvi, naomba tujadili ofisi ya Mlinzi wa Umma wa Afrika Kusini, mojawapo ya taasisi zilizowekwa na Sura ya Tisa ya Katiba ya mwaka 1996 ili zisimame nje ya serikali na kuiangalia. Kazi yake ni kuchunguza mwenendo mbaya wa vyombo vya dola, kutoa taarifa, kisha kuelekeza hatua za kurekebisha. Raia hatozwi chochote kupeleka lalamiko, wala hahitaji wakili; ndiyo maana mtu ambaye mafao yake yamekwama au nyumba aliyoahidiwa amepewa mwingine anaweza kubisha hodi pale kabla ya kufikiria mahakama, ambayo gharama zake haziwezi.

Swali linalobishaniwa ni hili: je, maelekezo ya mtu huyu mmoja yaendelee kuwa na nguvu ya kisheria inayomfunga hata Rais, au yabaki ushauri tu? Msimamo wangu ni kwamba nguvu hiyo ibaki kama ilivyo, na kwamba wanaotaka kuipunguza wanatibu kiungo kisichouma. Panapouma ni mlangoni, yaani katika namna mwenye ofisi anavyopatikana, na katika mfuko anaolishwa nao.

Tukumbuke Nkandla. Machi 2014 Thuli Madonsela, aliyekuwa Mlinzi wa Umma wakati huo, alitoa taarifa kuhusu makazi binafsi ya Rais Jacob Zuma, ambayo gharama zake zilikuwa zimekadiriwa kufika randi milioni 246 kwa jina la usalama, ilhali ndani yake mlikuwa na bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wazi na kituo cha wageni. Alielekeza Rais arejeshe sehemu ya gharama za vitu hivyo visivyohusu usalama. Kwa miaka miwili hakuna kilicholipwa. Waziri wa Polisi aliandaa taarifa yake iliyomwondolea Rais deni, ikieleza kwamba bwawa lile ni la kuzimia moto, na wabunge wengi wakaikubali. Ilipofika tarehe 31 Machi 2016, Mahakama ya Katiba, kwa sauti ya Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, ilitamka kwamba maelekezo ya Mlinzi wa Umma yanafunga mpaka mahakama itakapoyatengua, na kwamba Rais na Bunge wote wawili walikuwa wamekiuka wajibu wao wa kikatiba. Hazina ikapiga hesabu, na Zuma akalipa takribani randi milioni 7.8. Naamini kwa dhati kwamba kama maelekezo yale yangekuwa ushauri tu, senti isingerudi.

Sasa tuutazame mlango. Katiba inataka asilimia 60 ya wabunge wote 400, yaani kura 240, kumpendekeza Mlinzi wa Umma, lakini inataka theluthi mbili, yaani kura 267, kumwondoa. Baada ya uchaguzi wa 2014 chama tawala cha ANC kilikuwa na viti 249, hivyo kingeweza kumchagua peke yake mtu wa kuichunguza serikali yake, hata bila kuhitaji kura ya mpinzani yeyote. Mwaka 2016 Busisiwe Mkhwebane, aliyempokea Madonsela, alipita kwa kura 263, chama kikuu cha upinzani kikipinga, ingawa wapinzani wengine waliunga mkono. Kama kigezo kingekuwa theluthi mbili, kura nne zingepungua. Napendekeza kizingiti cha kuingia kilingane na cha kutoka, na bajeti ya ofisi isipitie tena katika fungu la Wizara ya Sheria, bali ipigiwe kura yake yenyewe bungeni. Wizara ni mmoja wa wanaochunguzwa; si haki ishike mfuko wa mchunguzi.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, lakini umepita mbio mahali ambapo hoja yako ni dhaifu. Mwaka 2017 Mkhwebane alikielekeza Kitengo Maalumu cha Uchunguzi cha serikali kichukue hatua za kurejesha randi bilioni 1.125 kutoka benki ya Absa, na katika taarifa hiyo hiyo akaelekeza utaratibu wa kuibadili Katiba kuhusu jukumu la Benki Kuu. Mahakama iliyatengua yote, na Julai 2019 Mahakama ya Katiba ikathibitisha kwamba alipe asilimia 15 ya gharama za kesi kutoka mfukoni mwake. Benki kubwa ina mawakili wa kwenda kutengua. Halmashauri ndogo ya mashambani, au mtumishi wa ngazi ya chini aliyetajwa vibaya katika taarifa, atatengua kwa fedha gani? Nguvu inayofunga mpaka mahakama iseme vinginevyo humwelemea zaidi asiyeweza kuifikia mahakama.

Kuhusu mlango, kumbuka kwamba Madonsela aliingia mwaka 2009 kwa kigezo hicho hicho cha asilimia 60, na aliyemteua rasmi ni Zuma mwenyewe. Mlango mmoja umetoa watu wawili tofauti kabisa. Tena tangu 2024 ANC ina viti 159 tu, na hakuna chama kinachofika 240 peke yake. Ukipandisha kizingiti leo, utapata kiti kitupu na kaimu wa muda mrefu.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja ya mtumishi mdogo naipokea bila kinyongo, kwa sababu sikuwa nimeipa uzito. Hata hivyo jibu lake, kwa maoni yangu, ni kuwawekea wanyonge njia nafuu ya kupinga taarifa, na si kuwafungulia wakubwa njia ya kuipuuza. Ukilifanya agizo kuwa ushauri, mtumishi mdogo bado atalitii kwa sababu bosi wake atamlazimisha. Atakayeachwa huru kulikataa ni waziri. Na usisahau kwamba maelekezo ya Madonsela ya mwaka 2016 kuhusu kutekwa kwa dola, yaani watu binafsi kuiendesha serikali kwa manufaa yao, ndiyo yaliyozaa Tume ya Zondo iliyochunguza suala hilo, baada ya Zuma kuyapinga mahakamani na kushindwa Desemba 2017. Hayo yote yalitegemea neno moja: yanafunga.

Kuhusu Madonsela na mlango, umenishika kweli. Kigezo hakimwumbi mtu. Ninachodai ni kidogo zaidi: kigezo cha juu humlazimisha anayependekeza azungumze na asiyempenda. Hali ya viti ya leo haiko kwenye Katiba. Uchaguzi mmoja unaweza kuirudisha ile ya 2014.

Lakini hofu yako kuhusu kaimu ndiyo iliyonifanya nifikiri upya. Juni 2022 Rais Ramaphosa alimsimamisha Mkhwebane, siku moja baada ya Mkhwebane kutangaza kwamba anachunguza suala la wizi wa fedha katika Phala Phala, shamba la Ramaphosa, na Septemba 2023 Bunge likamwondoa kwa kura 318, wiki chache tu kabla ya muhula wake kwisha. Kwa kipindi hicho chote naibu wake, Kholeka Gcaleka, alikaimu, na ni yeye aliyetoa taarifa ya Phala Phala iliyomsafisha Rais, kisha baadaye akathibitishwa katika kiti. Simtuhumu kwa lolote, ila mfumo unaomfanya kaimu amchunguze mtu ambaye sahihi yake ndiyo itakayompa kazi unamwonea kaimu mwenyewe, kwa kuwa hata taarifa yake ikiwa safi kabisa itatiliwa shaka. Kwa hiyo naongeza katika pendekezo langu: anayekaimu kwa sababu mwenye ofisi amesimamishwa asiruhusiwe kugombea kiti hicho. Je, wewe hilo ungelikubali, au unaona litawafukuza manaibu wazuri?