Naomba ushauri: nataka kwenda Guise kuona nyumba za wafanyakazi za Godin

Wakuu, salaam. Mwezi ujao nitakuwa Paris siku tano, na siku moja nimeitenga kwa ajili ya Familistère, yaani majumba ya wafanyakazi yaliyoko mji wa Guise, kaskazini mwa Ufaransa. Naombeni ushauri kwa aliyewahi kufika.

Jean-Baptiste André Godin alianza kama fundi chuma, akatajirika kwa kutengeneza majiko ya kupashia nyumba joto. Kuanzia 1859 akawajengea wafanyakazi wake majumba makubwa yenye ua wa ndani ulioezekwa vioo, watoto wacheze hata mvua ikinyesha. Madirisha ya ghorofa ya chini aliyafanya makubwa kuliko ya juu, ili wa chini wasikose mwanga. Bwawa la kuogelea lilikuwa na sakafu ya mbao iliyoweza kupandishwa na kushushwa, watoto wajifunze bila kuzama. Mwaka 1880 kiwanda na nyumba vikawa mali ya ushirika, uliodumu hadi 1968.

Mimi nimekulia kota za kiwanda. Familia sita bomba moja, na marehemu mama alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya maji. Ndiyo maana nataka kuliona hili kwa macho yangu.

Najua kuna treni hadi Saint-Quentin. Kutoka hapo basi linapatikana kirahisi, au nikodi gari? Siku moja inatosha, au nilale? Naenda na baba, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua, ngazi zikoje?