Naomba ushauri: kiti cha baiskeli kinaniumiza, wadada mnafanyaje?

Habari zenu wapendwa. Naishi Pongwe, kazi yangu iko Tanga mjini, naenda na kurudi kwa baiskeli karibu kila siku. Miguu hainisumbui kabisa. Shida ni kiti.

Nikifika mjini sehemu za mbele zimeshaingia ganzi, na mshono wa chupi umenichubua kwenye kinena mpaka kukojoa kunawasha. Siku za jasho ndiyo balaa. Baiskeli ni ya mtumba, ya kiume, kiti chembamba chenye pua ndefu.

Kava la sponji halikusaidia. Kiti laini mno kinakuzamisha, uzito unahama kutoka kwenye mifupa ya makalio unakandamiza nyama za mbele. Fundi mmoja akaniambia nitazoea tu (mwanaume huyo, atajua nini!). Mzee mwingine akainamisha pua ya kiti kidogo sana na kupandisha usukani. Hapo nimepata nafuu, ila ganzi bado ipo.

Sasa nauliza: kuna aliyepata kiti kipana chenye uwazi katikati, Tanga au Dar, hata cha mtumba? Na zile kaptula za baiskeli zenye pedi ya kukalia iliyoshonewa ndani, ambazo huvaliwa bila chupi, mnazivaa chini ya sketi bila kuungua na joto? Mafuta ya mgando kabla ya safari yanatosha kuzuia michubuko? Na siku za hedhi je? Maana pedi yenye mabawa juu ya kiti kile ni msumeno.