MMA mtaani Dar: inakuokoa, au inakupeleka Muhimbili?

Wakuu, heshima kwenu. Siku hizi kila kwenye kijiwe cha vijana wa mazoezi utasikia kwamba dawa ya vibaka wa Dar ni MMA, yaani ngumi, mateke, mieleka na kabali vikifundishwa pamoja. Ukishajua kumwangusha mtu na kumkaba, eti unakatiza Jangwani saa tano usiku kifua mbele. Mimi mazoezi hayo nayafanya na nayapenda, lakini hoja hiyo naipinga. Naiweka mezani, njooni tuijadili.

Wanaoitetea wana mifano, tusiwadharau. Wanamtaja Polyana Viana, Mbrazili anayepigana UFC, ligi kubwa ya MMA ya Marekani, aliyefuatwa na mtu akitaka simu yake huko Rio de Janeiro mwanzoni mwa 2019. Dada akamshindilia ngumi mbili na teke, akamtia kabali, akakaa naye mpaka polisi wakafika. Safi sana. Ila wasimuliaji huwa wanaruka kipande kimoja: bastola ya yule mwizi ilikuwa imekatwa kwenye boksi. Mpe bisibisi ya kweli uone kama hadithi inaisha vile.

Mimi namkumbuka zaidi Anthony Smith. Machi 2019 alipigania mkanda wa UFC dhidi ya Jon Jones, kwenye uzito wa kilo 93. Aprili 2020 mtu mmoja akaingia nyumbani kwake Nebraska usiku, hana silaha yoyote. Smith alieleza baadaye kwamba yule jamaa alipokea kila ngumi, goti na kiwiko na akaendelea kupambana tu. Huyo ni mtu wa kugombea ubingwa, anapambana na mmoja, tena sebuleni kwake. Wewe una miezi minne ya jimu na kitambi cha chipsi mayai.

Imani hii ina mizizi. Novemba 1993, kwenye UFC ya kwanza kule Denver, Royce Gracie mwenye kilo 80 hivi aliwakaba watu wenye miili mikubwa, na dunia ikaamini kwamba kila ugomvi unaishia chini, kwa hiyo anayejua chini ndiye mshindi. Lakini pale kulikuwa na refa, mmoja kwa mmoja, mikono mitupu. Na kanuni za sasa zinakataza kutia vidole machoni, kung'ata, kupiga kichwa, kupiga kisogoni na sehemu za siri. Mtaani watu ndiyo wanaanzia hapo.

Sasa turudi kwetu. Mtu wa Dar anaibiwaje? Pikipiki inapita, simu imeshaondoka, au mkono unaingia dirishani mwa daladala kwenye foleni. Hapo hakuna pambano. Panya road nao wanakuja kundi zima na mapanga; anayesimama kuwarukia mieleka tumuombee. Inabaki ile ya kichochoroni, wawili au watatu, mmoja anakupiga roba ya mbao kwa nyuma huku mwenzake anapekua mifuko.

Kwenye roba ndipo MMA inalipa, na hapa nataka tuelewane. Mkono unapita kooni, unavutwa nyuma mpaka visigino vinanyanyuka. Kabali ikikaa vizuri inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo. Sekunde kumi hivi zinatosha kukuzimisha. Kwa hiyo kidevu kinaingia kifuani kwanza, kabla hata hujafikiria kupiga. Mikono yote miwili inashika ule mkono unaokaba na kuuvuta chini, unateremsha makalio uwe mzito, unahamisha kiuno pembeni, unageuka umtazame. Ukichomoka, mbio; na wakitaka mali tu, toa ukimbie. Kwa kuambiwa tu hujifunzi kitu. Unajifunza kwa kukabwa kweli na mwenzako, jasho kwa jasho, mpaka mwili uache kupaniki.

Ninachokataa ni kwenda chini kwa hiari. Fikiria umemwangusha kibaka Kariakoo, umemkalia juu, unatafuta mkono wa kuvunja. Yeye anapiga yowe la "mwizi!" Wananchi wenye hasira kali wanafika na matofali, wanakuta mmoja juu mwingine chini. Nani atasubiri maelezo yako? Na ukinusurika hapo kuna sheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B, inakupa haki ya kutumia nguvu ya kiasi kinachohitajika kujilinda. Ukizidisha, unawajibika kwa jinai. Umvunje mkono akiwa ameshatupa kisu, halafu PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iandikwe kwa jina lake, wewe uko nyuma ya kaunta unavua mkanda na viatu.

NYONGEZA: Nimesoma michango yenu, najibu michache.

Mkuu wa bodaboda kutoka Mbagala ameandika: "Unasema toa ukimbie. Pikipiki ni ya mkataba, nikiitoa hesabu ya bosi nailipa na nini?" Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na wanaosema "mali inatafutwa" waijibu kwanza. Simu ni kitu kimoja, kazi ni kitu kingine. Hata hivyo, mkuu, anayekuvamia huwa ni abiria uliyempakia mwenyewe. Yuko mgongoni kwako, mikono yako yote iko kwenye usukani. Hakuna mkanda wa rangi yoyote unaokusaidia pale. Kukataa safari ya saa saba usiku kwenda pori usilolijua, na kumwachia mwenzako kijiweni jina la unakoenda, kunazidi kabali mia.

Dada mmoja amenipinga kuhusu kwenda chini: anasema wanawake wengi hawavamiwi na kundi la kichochoroni, wanavamiwa ndani, na mtu mmoja wanayemfahamu, aliyewazidi uzito, ameshawakalia. Hapo sina ubishi naye. Kumtoa mtu wa kilo 90 kifuani ni ujuzi, jujitsu ya Kibrazili inaufundisha vizuri kuliko kitu kingine ninachokijua, na ningependa uanze kufundishwa sekondari.

Wazee wa karate mmekuja juu, kwamba karate inatosha. Heshima yenu ipo, Goju-ryu, mtindo wenu wa karate, imelea watu Dar tangu Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani alipoileta miaka ya 1970. Nidhamu mnayo kuliko sisi. Ila kata, yale mapigo ya kupangwa ya kupiga hewa, haimwandai mtu kukabwa, na mnajua.

Anayeshauri tubebe visu: hapana. Kitaishia tumboni mwako.

Swali langu linabaki kwa walimu mliomo humu, mnaobandika matangazo ya "kujilinda mtaani". Kwenye saa nzima ya darasa, ni dakika ngapi mwanafunzi anafundishwa kuinuka na kukimbia huku wa pili amesimama pembeni na fimbo? Darasa nililolipia mimi ilikuwa sifuri. Tajeni yenu.